Chungu Kimoja, Friji Moja

Friji ya Maganga muuza nyama ilikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa au amefukuzwa. Sikudhani alikuwa upande wa nje, mikanda ya kubebea imemkaba mabegani, jasho linamwingia machoni. Maganga alikuwa upande wa ndani. Yeye hakuwa anasukuma. Alikuwa anavuta.

"Maganga, achia."

"Siachii."

"Ukipasua bomba la nyuma, gesi yote itatutokea puani. Achia, baba, tuongee kama watu wazima."

"Tuongee huku nimeshika."

Barabarani, Fisi alikuwa ameacha mdomo wazi akisubiri. Fisi ni gari. Ofisini lina jina refu ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza bila kupumua katikati, lakini watu wa Tabora walilibatiza siku ya kwanza tu walipoliona likila, kwa sababu linakula na mifupa. Friji inaingia nzima. Kwanza mrija mwembamba unatoboa na kunyonya gesi, ile gesi ya zamani ambayo ikipaa juu inazidi kulichochea jua. Halafu yanachujwa mafuta ya kompresa. Kisha meno yanashuka: shaba huku, bati kule, plastiki na sponji nyuma kabisa. Mwisho yanatoka matofali madogo ya chuma yamenyooka kama sabuni za mche. Migodi ilikuwa imefungwa zamani. Shaba siku hizo haikuchimbwa tena, ilivunwa majumbani mwa watu, na mvunaji wa upande huu wa mji alikuwa Sikudhani binti Mlekwa, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mpagazi na mdomo usiolala.

"Mng'oaji, kazi imesimama," Fisi akasema. Alikuwa na sauti ya upole, ile ya mtu anayekusomea adhabu.

"Nimeona."

"Taja sababu."

"Sababu ina kitambi na imeshika friji."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Mtaa wa Mapera ni mfupi, nyumba zake zimetazamana karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya hapa anaombewa heri pale. Wote walikuwa nje siku hiyo, kwa sababu amri haikuwa ya Maganga peke yake. Ilikuwa ya mtaa mzima. Friji zote ziondoke, ibaki moja tu, ya Bi Mwamini mjane wa Mzee Kapama.

"Hebu nielezeni tena, maana mimi sikusoma sana," alisema Bi Nyanzala, muuza mtindi, mikono kiunoni. "Kwamba mimi na huyu Maganga ni kaya moja?"

"Ndivyo ilivyosajiliwa," Fisi alijibu.

"Mungu wangu! Mume mmoja tu alinishinda, leo napewa mtaa mzima!"

"Na mke wangu akisikia, atatoka Nzega kwa miguu kuja kuniua," Maganga aliongezea kutoka ndani.

Sikudhani hakucheka. Alilegeza mikanda, akaiegemeza friji kwenye fremu ya mlango, akaligeukia gari lake. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka mingi, ameng'oa majiko, pasi, mashine za kufulia, redio zilizokufa na zilizokuwa bado zinaimba, lakini amri ya namna hii hakuwa ameiona.

"Fisi. Nani alisema hawa ni kaya moja?"

"Pua zilisema. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Siku ya hesabu, nyumba zote za Mtaa wa Mapera zilikula chungu kimoja. Mchele mmoja, nyama moja, bizari moja, chumvi ya mkono mmoja, moshi wa kuni moja. Kaya moja, friji moja. Friji ya mkubwa wa kaya hubaki. Nyingine ni ziada."

Pua zile kila mtu alizijua. Zilikuwa vijisanduku vidogo kama kiberiti, vimepigiliwa juu ya kila mlango mjini. Mwanzoni ziliwekwa kunusa gesi inayovuja kwenye friji kuukuu, jambo la maana, hakuna aliyelipinga. Kisha mjanja mmoja wa ofisini akagundua kuwa pua inayonusa gesi inaweza kunusa na mchuzi. Inajua mchuzi wa nyumba hii na wa nyumba ile, inajua nani amekula nini kwa pumzi yake anapopita kizingitini. Tangu hapo hapakuwa na haja ya karani wa sensa kuja kuuliza mnaishi wangapi. Pua zinanusa, hesabu inatoka yenyewe.

"Siku ya hesabu ilikuwa lini?" Sikudhani aliuliza.

"Ijumaa iliyopita."

Vicheko vikakatika. Bi Nyanzala alishusha mikono kutoka kiunoni polepole.

"Ijumaa si ndiyo tulimzika Mzee Kapama?"

Wote walikuwa wanakikumbuka kile chungu. Chungu cha msiba, kikubwa, kilichoazimwa msikitini, kimesimama juu ya mafiga matatu mbele ya nyumba ya Bi Mwamini, wanawake wanapokezana mwiko, na mtaa mzima umekula pale, kwa sababu siku ya maziko hakuna mwenye akili anayewasha jiko lake.

"Fisi," Sikudhani alisema, akijitahidi kutopandisha sauti, "kile kilikuwa chungu cha msiba. Watu wamefiwa. Wamekula pamoja kwa kuwa wamefiwa."

"Msiba si aina ya kaya."

"Najua si aina ya kaya! Nakwambia mmekosea!"

"Kukosea kunaelezwa ofisini. Tafadhali endelea kung'oa."

*

Ofisini alipokea Bwana Eliakimu, mwenye sauti iliyopigwa pasi. Sikudhani alisimama kwenye kivuli cha Fisi, simu sikioni, akaeleza toka mwanzo. Alieleza vizuri, hata yeye mwenyewe alijisifu kimoyomoyo. Alipomaliza, Bwana Eliakimu akasema pole kwa msiba.

"Asante. Sasa amri mnaifuta?"

"Rufaa inapokelewa baada ya utekelezaji, mama."

"Baada ya friji kusagwa?"

"Ndiyo utaratibu."

"Yaani kuku wangu umchinje, umle, ukishajipangusa mdomo ndiyo uniulize kama alikuwa wako au wangu?"

"Mama Sikudhani, mimi sikutunga utaratibu." Kisha sauti yake ikapungua pasi. "Na usione tunafanya ukorofi. Kuna kijiji njia ya Urambo, kisima kimechimbwa tangu masika, maji yapo chini pale, pampu hakuna. Shaba hakuna. Mtaa wako huo ungewapa pampu wiki hii. Wanawake kule wanachota kwenye madimbwi na ng'ombe."

Hapo alimpiga penye kidonda. Sikudhani alizaliwa kwenye kijiji cha namna hiyo. Utosini mwake hadi leo palikuwa na sehemu isiyoota nywele vizuri, ndoo ndiyo iliyopalima. Kazi hii ya kung'oa aliipenda kwa sababu hiyo tu. Kila friji aliyoitoa mlangoni kwa mtu anayenung'unika, alijiambia kuwa mahali fulani kuna msichana ataweka ndoo chini. Lakini alijiambia hivyo akitoa vilivyozidi kwelikweli, friji tatu kwenye nyumba ya mtu mmoja, majiko yanayolala kutu stoo. Maganga alikuwa na friji moja. Nyanzala moja. Wala hazikuwa za fahari. Ya Nyanzala bawaba zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Ipo moja. Mng'oaji anaruhusiwa kuomba kipimo cha marudio, mara moja tu. Fisi anakaa mtaani siku tatu, pua zote wazi. Kama hakuna chakula kitakachovuka kutoka kizingiti cha nyumba moja kwenda kingine, kila nyumba inasajiliwa kaya yake na friji yake inabaki."

"Chakula chochote?"

"Hata kipande cha muhogo. Kikivuka, mpaji na mpokeaji ni chungu kimoja."

Sikudhani aliitazama nyumba ya Bi Mwamini, ile yenye pazia jeupe mlangoni. Alianza kuelewa anauziwa nini.

"Yule mjane yuko eda," alisema. "Na mtaa huu, kwa mfiwa moto hauwashwi mpaka arobaini ipite. Majirani ndio wanaomlisha."

"Basi kwa siku tatu wasimlishe," alisema Bwana Eliakimu, naye hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya stendi.

*

Aliwaambia wote pamoja, palepale mbele ya friji iliyokwama. Maganga alikuwa amechoka kuishika na sasa ameikalia.

"Siku tatu," Maganga alisema. "Siku tatu ni nini? Mimi nina mbuzi mzima humu. Ikitoka friji hii leo, kesho nauza harufu."

"Bi Mwamini ana sukari," alisema Bi Nyanzala. "Asipokula kwa wakati anaanguka. Unajua vizuri, wewe ndiye ulimkimbiza hospitali mwaka juzi."

"Sijasema asile. Nyumba yake ina jiko. Awashe."

Alipolitamka, Maganga mwenyewe aliinamisha kichwa. Mtaa wa Mapera una mengi ya kusutwa, majungu, ulevi wa jioni, na kesi moja ya bata isiyoisha. Lakini hilo la moto walikuwa hawajawahi kulivunja. Kuwasha jiko la mfiwa kabla ya arobaini ni kusema marehemu hakuwa na watu, kwamba alikufa kama mzigo uliosahauliwa na treni. Na Mzee Kapama alikuwa dereva wa treni, aliyewaendesha watu hao na baba zao.

"Haya, sema tena," Nyanzala alimchokoza. "Sema kwa sauti akusikie."

"Na wewe, maziwa yako yakiganda vibaya utamlipa nani? Utamlipa Kapama?"

"Usimtaje marehemu na mdomo wa nyama!"

"Nimeuliza tu! Wewe unataka friji iondoke? Sema. Sema nataka friji yangu iondoke, nami nitaiachia hii sasa hivi."

Bi Nyanzala alikuwa analea wajukuu kwa mtindi ule. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona kitu cha kuangalia upande mwingine: nguzo, kuku, mawingu yasiyo na mvua.

Sikudhani alisubiri mtu aseme hapana. Angalau mmoja. Jua liliwapiga wote visogoni na hakuna aliyesema.

"Nani ataenda kumwambia?" mwishowe mtu mmoja aliuliza.

"Aende mwenye Fisi," Maganga alisema.

*

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mng'oaji? Nilikusikia unagombana na gari lako. Mume wangu naye alikuwa akigombana na injini. Hazijibu, alisema, lakini zinasikia."

Bi Mwamini alikuwa amekaa mkekani, amejifunika nguo nyeupe, macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho. Pembeni friji yake ilikuwa inanguruma, ndogo, imechoka. Ndani yake, Sikudhani alijua bila kuambiwa, kulikuwa na vichupa vya dawa ya sukari na pengine maji. Hicho tu.

Alianza kuzunguka. Alisema habari ya pua, habari ya hesabu, habari ya ofisi. Bibi akamkata.

"Nimesikia yote, ukuta huu ni wa udongo. Wasije. Nitawasha mwenyewe."

"Bibi..."

"Mtaa ukikosa nyama na maziwa, watasema kifo cha Kapama kimetuletea nuksi. Watamsema yeye, naye hayupo kujitetea. Bora nisemwe mimi nipo." Alipapasa mkeka, akarekebisha ushungi. "Unafikiri ni vigumu? Nimepika miaka hamsini. Hata gizani najua chumvi ilipo."

"Si kupika, bibi. Ni ule moto."

"Moto ni moto."

Lakini aliposema hivyo aliuvuta ushungi ukamfunika uso, na Sikudhani akainuka haraka akaaga, kwa sababu alijiona kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba kuja kung'oa kitu kingine, si friji.

Nje alimwambia Fisi: "Omba kipimo cha marudio."

"Imepokelewa. Kipimo kinaanza kesho alfajiri."

"Na ukome kunisemesha."

"Imepokelewa."

*

Kesho yake Mtaa wa Mapera ulinyamaza. Fisi alikuwa ameegeshwa katikati, mdomo umefungwa, pua ya mbele imetolewa nje kama ulimi. Sikudhani alitakiwa awepo kwa sheria, basi alikaa kwenye kibao kivulini mwa gari, akitazama nyumba moja baada ya nyingine zikipika. Moshi ulitoka hapa, ukatoka pale. Kila mtu alikula mlango umefungwa. Hata kuku walikuwa wanakaripiwa wasivuke na punje.

Asubuhi Bi Mwamini hakutokeza. Jua lilipopanda ndipo alipotoka ukumbini kwa kupapasa ukuta, mkononi kaburungutu la karatasi na kiberiti. Jiko la mkaa lilikuwa pale kwenye baraza, limeinamishwa tangu siku ya msiba. Alilisimamisha. Akatafuta gunia la mkaa kwa mguu, akalipata, akachota, vipande viwili vikaanguka nje ya jiko naye hakujua. Akapiga njiti ya kwanza. Ikavunjika. Ya pili ikawaka, akaisogeza, akaisogeza pembeni ya karatasi, hewani, mpaka ikamfikia vidoleni.

Alinyonya kidole akatoa njiti nyingine.

Maganga alikuwa amekaa kizingitini kwake, ananoa kisu. Alinoa, akanoa, kisu kile kilikwisha kunoleka zamani. Hakuinua uso. Dirisha la Nyanzala lilikuwa limefungwa, lakini pazia lilitikisika na hapakuwa na upepo.

Sikudhani alihisi hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda. Angemkasirikia Maganga, lakini Maganga ana mbuzi atakayeoza. Angemkasirikia Eliakimu, na Eliakimu ana kijiji kisicho na maji. Angelipiga teke Fisi. Alikwisha kulipiga siku nyingine, akavimba kidole wiki nzima. Kila mtu alikuwa na haki yake mkononi, kamili, imenyooka, na katikati ya haki zote hizo bibi kipofu alikuwa anaunguza vidole.

Njiti nyingine ikavunjika.

"Astaghfirullah," Sikudhani alisema. Akaingiza mkono chini ya kiti cha Fisi akatoa bakuli lake la chakula, lile mumewe Kazimili humfungia kila siku kwa kitambaa cha maua. Akaanza kuvuka barabara.

"Mng'oaji," Fisi akasema, "umebeba chakula."

"Una pua nzuri."

"Chakula kikivuka kizingiti..."

"Nilikwambia ukome kunisemesha."

"Ninalazimika kutoa onyo. Wewe si wa mtaa huu. Ukila na Mwamini, utasajiliwa kaya yake."

Sikudhani alisimama katikati ya vumbi. Alikuwa hajalifikiria hilo kwa namna hiyo. Alikuwa amebeba bakuli tu, kama mtu anavyonyoosha mkono kumdaka mtoto. Sasa alilifikiria.

"Na hawa wengine? Mimi nikila naye, wao wanaguswa?"

"Hawakuli nanyi. Kipimo chao kinaendelea."

"Na kesho nikija tena? Na keshokutwa?"

"Mtakuwa kaya ileile."

"Mpaka arobaini?"

"Kaya haina arobaini. Lakini ndiyo."

"Haya. Fungua pua uzuri, usije ukasema hukunusa."

Alipanda baraza. "Hodi, bibi. Weka hicho kiberiti chini."

"Nani?"

"Sikudhani. Nimekuja kula. Ugali na mlenda, na dagaa wameungwa karanga. Nipishe kwenye mkeka."

Bi Mwamini alibaki ameshika njiti. "Mwanangu, si wamesema..."

"Wamesema majirani. Mimi jirani yako? Mimi nakaa Kiloleni huko. Nawa mikono, ugali unapoa."

Alimmiminia maji, akamweka bakuli karibu, akamshika mkono akauelekeza. Bibi alimega tonge, akalibonyeza, akachovya. Alitafuna muda mrefu kabla ya kumeza.

"Huu mlenda umepikwa na mwanamume," alisema.

"Umejuaje?"

"Hauna haraka."

Walikuwa katikati ya ugali Sikudhani alipoona mlango wa Nyanzala unafunguka. Bi Nyanzala alitoka na sahani iliyofunikwa kawa, ushungi umemteleza, miguu peku, machozi yanamtiririka, anakuja mbiombio kama mtu anayewahi moto.

"Nimeshindwa!" alikuwa akisema. "Wachukue friji! Wachukue na kitanda! Siwezi kukaa pale namwona..."

"Rudi!" Sikudhani aliruka akasimama, tonge mkononi. "Rudi na hiyo sahani!"

"Dada, niache nimpe..."

"Usikanyage hapa! Nyanzala, nakwambia rudi! Ukivuka hapa nimekula bure!"

Bi Nyanzala alisimama hatua chache kutoka barazani. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya kawa, wali wa nazi, harufu yake imefika kwa kila mtu, na kwa Fisi. Pua ya gari iligeuka upande wake ikasubiri. Katika maisha yake yote, Sikudhani alikuwa hajawahi kumfukuza mtu aliyebeba chakula. Aliona uso wa yule mama unavyokunjamana, akaona Maganga ameacha kunoa, na bado mkono wake ulikuwa umenyooka, unamwonyesha alikotoka.

"Kale na wajukuu zako," alisema. "Keshokutwa jua likizama, njoo na sinia. Leo, rudi."

"Nitaishije siku tatu na uso huu?"

"Utaishi. Una mtindi wa kuuza."

Lilimtoka kali kuliko alivyokusudia, wala hakulirudisha. Nyanzala aligeuka na sahani yake. Maganga aliinuka kizingitini, akaja hadi kwenye mtaro, si zaidi, akasimama na kisu chake kikali kisicho na kazi.

"Umetuaibisha," alisema, sauti imekwaruza.

"Nimewaachia friji zenu."

"Ndiyo. Umetuaibisha."

"Basi tumelingana, Maganga. Mimi pia nimeaibika. Kaendelee kunoa."

Nyuma yake bibi alimwita, kwa upole: "Mwanangu, njoo umalize. Dagaa wa kwako nimewatenga upande huu."

Alirudi akakaa. Akala. Walipomaliza na kunawa, Fisi akasema kutoka barabarani, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka:

"Imesajiliwa. Mwamini na Sikudhani ni kaya moja. Asubuhi Sikudhani alikula uji na Kazimili, chungu kimoja. Kwa hiyo kaya ni watu watatu. Mkubwa wa kaya ni Mwamini, friji yake inabaki. Friji iliyopo nyumba ya Kazimili, Kiloleni, ni ziada. Mng'oaji aiondoe leo kabla ya jua kuzama."

"Nani mng'oaji wa Kiloleni?" Sikudhani aliuliza, japo alijua.

"Wewe."

Bi Mwamini alimgeuzia macho yake ya ukungu. "Amesema nini huyo?"

"Amesema ameshiba," alisema Sikudhani, akaanza kukunja kitambaa cha maua.

*

Njia nzima hadi Kiloleni alimtukana Fisi, na Fisi akaendesha bila kujibu. Alifikiria kile kijiji cha njia ya Urambo. Walikuwa wapate shaba ya mtaa mzima, sasa wangepata ya friji moja, na friji moja haitoshi pampu. Wangengoja. Msichana fulani kule angeendelea kuinama dimbwini, na aliyemwinamisha leo alikuwa yeye, Sikudhani, kwa bakuli la mlenda. Hilo hakuweza kulipangusa. Alilijaribu huku na huku, halikutoka, akaliacha limkae.

Kazimili alikuwa uani anachambua mchicha, miwani imeshuka puani. Alipoona Fisi linasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe na mkewe anashuka na mikanda mabegani, aliinuka polepole.

"Umesahau nini?"

"Friji."

"Friji gani?"

"Yetu. Toa hizo chupa za maji."

Alimweleza yote palepale, amesimama, bila kupamba. Kazimili alisikiliza. Alikuwa mtu wa kununa, na alinuna. Alisema maneno kuhusu wanawake wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni wameolewa na mtaa mwingine. Alisema joto hili atakunywa maji ya moto kama ng'ombe. Alisema Eliakimu ni mjinga na mamaye pia. Kisha akaingia ndani, na Sikudhani akasikia chupa zikigongana moja baada ya nyingine mezani, halafu plagi ikichomolewa ukutani na ngurumo iliyozoeleka ikakatika.

Wakaibeba wote wawili, yeye mbele, mumewe nyuma. Mlangoni ikakwama.

"Usivute," Sikudhani alisema.

"Sivuti. Nasukuma."

Ikapita. Fisi akafungua mdomo. Mrija ukatoka, ukatafuta bomba, ukatoboa, na gesi ikaanza kunyonywa kwa mluzi mwembamba. Walisimama bega kwa bega wakitazama meno yakishuka. Kazimili alipangusa mikono kwenye shati, akaokota ungo wake wa mchicha, akawa anauangalia kana kwamba anapima.

"Huyo bibi," alisema hatimaye, bado amekunja uso, "pilipili anakula?"